Meli Iliyokosa Bandari: Uchambuzi wa Kisa cha Manowari São Paulo, Zamani Foch

Jioni ya tarehe 3 Februari 2023, jeshi la majini la Brazil lilitumia vilipuzi kutoboa manowari kubwa kuliko zote lililowahi kumiliki, São Paulo, meli ya kubebea ndege za kivita iliyonunuliwa kutoka Ufaransa, likaiacha izame katika maji yenye kina cha takriban mita 5,000, kiasi cha kilomita 350 kutoka pwani ya nchi hiyo. Hakukuwa na vita, na meli yenyewe haikuwa imegonga mwamba. Ilikuwa imeuzwa kwa mnada, ikavutwa kuvuka Atlantiki, ikakataliwa na nchi ilikokuwa ikipelekwa, ikageuzwa na kurudishwa, kisha ikazungushwa kwa miezi mbele ya pwani ya jimbo la Brazil la Pernambuco bila bandari yoyote kukubali kuipokea.

Habari nyingi zilizoandikwa wakati huo zilikianzisha kisa hiki pale kilipokuwa kinakaribia kuisha, yaani kwenye mvutano wa Januari na Februari 2023 kati ya wanajeshi waliotaka kuizamisha na wanamazingira waliotaka irudishwe nchi kavu. Kwa maoni yangu, mvutano huo ulikuwa mkia tu wa jambo. Mambo mawili ndiyo yaliyoamua mwisho wa meli hii, na yote mawili yalitokea mapema zaidi: namna ilivyonunuliwa mwaka 2000, na namna ilivyotafutiwa pa kwenda baada ya 2017. Ili kuyaelewa ni lazima tuifuate meli tangu mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli, ulipowekwa, kwa kuwa kilichoiua São Paulo kilijengwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Miaka 37 ya Foch

Mkuku uliwekwa mwaka 1957 huko Saint-Nazaire, magharibi mwa Ufaransa, meli ikashushwa majini Julai 1960, na ikaanza kazi rasmi tarehe 15 Julai 1963. Ilikuwa ya pili katika jozi. Ya kwanza, Clemenceau, ilikuwa imetangulia miaka michache. Wafaransa waliipa hii ya pili jina la Ferdinand Foch, jemadari wao wa Vita Kuu ya Kwanza, mtu wa mizinga na mahandaki ambaye hakuwa na uhusiano wowote na bahari. Pengine ni ishara ya jinsi taifa hilo lilivyoziona meli hizi kama fahari ya nchi nzima, si mali ya mabaharia peke yao.

Foch ilikuwa na urefu wa mita 265 na, ikibeba mzigo wake wote, uzito wa karibu tani 33,000. Boila sita zilizalisha mvuke uliozungusha rafadha mbili na kuipa mwendo wa maili za baharini 32 kwa saa. Mvuke huohuo ndio uliorusha ndege, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndilo kiini cha kila kilichofuata. Ndege ya kivita haiwezi kupaa kwa nguvu zake yenyewe kwenye sitaha fupi. Husogezwa hadi mwanzo wa njia nyembamba iliyochanwa kwenye sitaha, ikafungwa kwenye kigari kidogo kilichounganishwa na pistoni zilizo chini yake. Rubani hufungua injini hadi mwisho huku ndege ikiwa imeshikiliwa. Halafu valvu hufunguka, mvuke wenye shinikizo kubwa na joto la mamia ya nyuzi hujaa nyuma ya pistoni, na katika umbali wa mita 50 hivi ndege yenye uzito wa tani kadhaa inakuwa imetoka kwenye kusimama kabisa hadi kwenye mwendo wa kuruka. Foch ilikuwa na manati mbili za namna hiyo. Kila ndege iliyorushwa ilikunywa mvuke kutoka kwenye boila zilezile zilizoisukuma meli, kwa hiyo afya ya boila, mabomba na valvu ilikuwa ndiyo afya ya meli nzima. Manowari ya aina hii ikipungukiwa na mvuke, inakuwa uwanja wa ndege usio na njia ya kurukia.

Mabomba hayo ya mvuke, yaliyopita karibu kila mahali ndani ya meli, yalihitaji kuvikwa kitu cha kuzuia joto. Katika miaka ya 1950, kitu hicho kilikuwa asbesto. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaifahamu zaidi kupitia mapaa ya majengo ya zamani, na tahadhari wanayopewa huko ndiyo iliyohusu meli hii: asbesto iliyotulia haina hatari kubwa, lakini inapokatwa, kuvunjwa au kuchakaa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani miongo kadhaa baadaye. Hakuna aliyefanya uzembe kwa kuitumia mwaka 1957, kwa kuwa kila nchi iliyojenga manowari za mvuke ilifanya vivyo hivyo. Swali linaloihusu Brazil na Ufaransa ni la baadaye: baada ya hatari kujulikana, nani alihesabiwa kuwa na wajibu wa kuiondoa?

Utumishi wa Foch kwa Ufaransa ulikuwa mrefu na wa kazi kweli. Mwaka 1966 ilikuwa sehemu ya kundi la meli lililosindikiza majaribio ya nyuklia huko Polinesia. Tarehe 22 Septemba 1983, wakati wanajeshi wa Ufaransa walipokuwa Beirut wakishambuliwa kwa mizinga kutoka milimani, ndege zake aina ya Super Étendard ziliruka na kupiga sehemu mizinga hiyo ilikokuwa. Katika miaka ya 1990 ilizunguka kwa vipindi virefu katika bahari ya Adriatiki wakati wa vita vya Yugoslavia, na mwaka 1999 ndege zake zilishiriki katika mashambulizi ya NATO wakati wa mgogoro wa Kosovo. Ilipewa pia jukumu la kuandaa kizazi kilichofuata: Aprili 1993 ndege ya Rafale iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini ilitua kwa mara ya kwanza juu ya manowari, na manowari hiyo ilikuwa Foch. Katika muongo huohuo Wafaransa waliondoa takriban tani 55 za asbesto, hasa kwenye vyumba vya mitambo ya kusukuma meli, manati na jenereta. Takwimu hiyo ilitolewa baadaye na jeshi la Brazil kama uthibitisho kwamba meli ilikuwa imesafishwa. Inaweza pia kusomwa kinyume chake, kwani kama vyumba vichache vilitoa tani 55, mtu anapaswa kujiuliza ni kiasi gani kilibaki kwenye vyumba ambavyo havikuguswa.

Ununuzi wa dola milioni 12

Kufikia mwaka 2000, Ufaransa ilikuwa ikiipokea Charles de Gaulle, manowari inayotumia nguvu za nyuklia, na Foch haikuhitajika tena. Brazil, kwa upande wake, ilikuwa na sababu mbili za kuitaka.

Ya kwanza ni kwamba manowari yake ya zamani, Minas Gerais, ilikuwa imechoka. Nayo ilikuwa ya mtumba: Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa jina la Vengeance, Brazil ikainunua mwaka 1956 kwa dola milioni 9, kisha ikatumia kiasi cha dola milioni 27 kuijenga upya huko Rotterdam kabla ya kuanza kuitumia mwaka 1960. Zingatia uwiano huo, kwa kuwa tutaurudia: ukarabati uligharimu mara tatu ya bei ya ununuzi, ulifanywa kabla ya meli kuingia kazini, na meli hiyo ikadumu miaka 40.

Ya pili ilikuwa ya kisiasa ndani ya majeshi yenyewe. Tangu mwaka 1965, kwa amri ya serikali, jeshi la majini la Brazil halikuruhusiwa kuendesha ndege zenye mabawa yasiyozunguka. Zilizoruka kutoka Minas Gerais zilikuwa za jeshi la anga, na wanamaji wenyewe walibakiwa na helikopta. Ugomvi huo ulidumu zaidi ya miaka 30 hadi Rais Fernando Henrique Cardoso alipowarudishia wanamaji haki hiyo mwaka 1998. Mara moja wakapata ndege 23 za kivita za Skyhawk zilizokuwa za Kuwait, kwa takriban dola milioni 70. Sasa walikuwa na ndege na marubani, lakini sitaha ya Minas Gerais ilikuwa ndogo na kongwe mno kwa ndege hizo. Foch ikaonekana kuwa jibu la maombi. Mnamo Novemba 2000 ilikabidhiwa kwa Brazil, ikapewa jina la São Paulo, na Februari 2001 ikaingia Rio de Janeiro.

Bei yake ilikuwa dola milioni 12. Hiyo ni chini ya moja ya tano ya bei ya zile ndege kuukuu ambazo ingezibeba. Yeyote aliyewahi kuagiza gari la mtumba kutoka Japani anajua kwamba bei ya mnadani na gharama ya kulimiliki gari ni hesabu mbili tofauti, na kwamba gari linalouzwa kwa bei ya kutupwa huwa na sababu. Hapa sababu haikufichwa. Meli ilikuwa na umri wa miaka 37, boila zake zilikuwa zilezile za tangu mwanzo, na muuzaji alikuwa akiiondoa kazini kwa kuwa alishapata mpya. Brazil haikudanganywa. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kurudia nusu tu ya yale iliyoyafanya na Minas Gerais: ilinunua meli kuukuu, lakini safari hii haikuipeleka kwanza kwenye chelezo kwa ukarabati mkubwa. Iliiingiza kazini kama ilivyo, ikitumaini kwamba bajeti za miaka ya mbele zingefanya kazi ambayo bajeti ya ununuzi haikuifanya.

Siku 206

Kwa miaka michache ya mwanzo matumaini hayo yalionekana kuwa na msingi. Marubani wa Brazil walifunzwa kutua na kuruka, kulabu za Skyhawk zikanasa nyaya za sitaha, na kwa mara ya kwanza wanamaji wa nchi hiyo walikuwa na uwanja wao wa ndege unaotembea.

Tarehe 17 Mei 2005, bomba la mvuke lilipasuka ndani ya meli. Mvuke wa joto la namna ile katika chumba kilichofungwa haumpi mtu nafasi ya kukimbia. Mabaharia watatu walipoteza maisha na wengine kadhaa wakaungua. Ajali hiyo ndiyo iliyoilazimisha Brazil kufanya kwa shida kile ambacho ingeweza kukifanya kwa mpango mwaka 2001. Meli ilikaa kwenye matengenezo kwa takriban miaka mitano. Iliporudi baharini kwa majaribio, matatizo mapya yalijitokeza kwenye mitambo, na Februari 2012 moto uliozuka kwenye sehemu ya malazi ulimuua baharia mwingine. Kuanzia hapo São Paulo ilikuwa meli ya gatini. Haikuwahi kufanya kazi kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo bila kurudi kwa mafundi.

Jumla ya utumishi wake chini ya bendera ya Brazil, kwa hesabu ya jeshi lenyewe, ilikuwa siku 206 baharini, maili za baharini 54,024 na ndege 566 zilizorushwa kwa manati. Ukigawa siku hizo kwa miaka 16, unapata chini ya siku 13 kwa mwaka. Hizo si siku za kutosha hata kuwaweka marubani katika hali ya kazi, kwa kuwa kutua kwenye sitaha inayoyumba ni ujuzi unaopotea haraka usipofanyiwa mazoezi. Wakati huohuo, mkataba na Embraer, kampuni ya Brazil ya kutengeneza ndege, wa kuziboresha Skyhawk 12, uliotiwa saini mwaka 2009, uliendelea, ingawa idadi ya ndege ilipunguzwa baadaye. Nchi ikawa inalipia rada na mitambo mipya kwa ndege zilizokosa meli ya kurukia.

Tarehe 14 Februari 2017 jeshi lilikubali ukweli na kutangaza kwamba São Paulo ingeondolewa kazini. Makadirio yalionyesha kuwa kuifufua kungechukua takriban miaka 10 na kugharimu zaidi ya reali (fedha ya Brazil) bilioni 1, na fedha za namna hiyo zilihitajika kwenye mradi wa nyambizi unaofanywa kwa ushirikiano na Ufaransa, pamoja na ujenzi wa meli ndogo za kivita. Uamuzi huo siulaumu. Ulikuwa sahihi, na ulichelewa kwa miaka isiyopungua mitano.

Pacha aliyetangulia

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kuelezeka. Wakati Brazil ikitafakari itaifanyia nini meli yake, tayari kulikuwa na mfano kamili wa nini kinaweza kwenda kombo, na mfano huo ulihusu meli iliyochorwa kwa ramani ileile.

Clemenceau iliondolewa kazini mwaka 1997. Tarehe 31 Desemba 2005 ilivutwa kutoka Toulon kwenda Alang, ufukwe wa India ambako meli kuukuu huegeshwa wakati wa maji kujaa na kukatwa na vibarua wenye zana duni. Wanamazingira walipinga kwamba ilikuwa na mamia ya tani za vitu vyenye asbesto. Mahakama ya Juu ya India ikazuia isiingie, mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa ikasimamisha uhamishaji wake, na tarehe 15 Februari 2006 Rais Jacques Chirac akaamuru irudi nyumbani. Ilifika Brest mwezi Mei baada ya kuzunguka Afrika yote. Ilikaa hapo hadi 2009, ilipopelekwa Hartlepool, Uingereza, ikakatwa ndani ya chelezo chini ya masharti makali.

Funzo la Clemenceau halikuwa kwamba manowari zenye asbesto haziwezi kukatwa, kwa kuwa yenyewe ilikatwa vizuri. Ilionyesha mpangilio wa hatua: kwanza unachunguza kwa kina kilichomo ndani, kisha unapata kibali ambacho nchi inayopokea haitakitengua, ndipo unapofungua kamba. Ilionyesha pia kwamba meli inapokwama njiani, mwenye bendera ndiye anayepaswa kuirudisha na kuihifadhi. Brazil ilikuwa na zaidi ya miaka 10 ya kulisoma funzo hilo.

Kutoka Rio na kurudi

Mwaka 2021 São Paulo iliuzwa kwa mnada kwa takriban reali milioni 10.5, chini ya dola milioni 2, kwa kiwanja cha kukata meli cha Sök cha Aliağa, karibu na Izmir, Uturuki. Jumuiya ya wapenzi wa meli iliyotaka kuifanya jumba la makumbusho haikufanikiwa. Kwa haki ya waliouza, ni lazima isemwe kwamba hawakuipeleka Alang. Sök ilikuwa miongoni mwa viwanja vilivyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Orodha ya vitu hatarishi iliandaliwa pia, nayo ilitaja tani 9.6 za asbesto pamoja na mamia ya tani za rangi na vifaa vyenye sumu.

Tani 9.6 ndiyo takwimu iliyozamisha kila kitu. Wanaharakati walioijua Clemenceau hawakuiamini: vipi meli mbili za ramani moja, zilizojengwa katika miaka ileile, ziwe na tofauti kubwa kiasi hicho? Jibu la jeshi, kwamba tani 55 zilikuwa zimeondolewa Ufaransa, halikuziba pengo. Izmir kukawa na maandamano, na meya wa jiji hilo akapinga hadharani. Tarehe 4 Agosti 2022 meli ilitolewa Rio ikivutwa na tagi ya Kiholanzi iitwayo Alp Centre. Amri ya mahakama ya kuizuia isiondoke ilitoka wakati safari imeshaanza, na meli haikurudi.

Siku 22 baadaye, tarehe 26 Agosti, waziri wa mazingira wa Uturuki, Murat Kurum, alitangaza kufuta kibali kwa kuwa uchunguzi wa pili uliohitajika haukuwa umefanywa. Msafara ulikuwa unakaribia mlango wa bahari wa Gibraltar. Shirika la mazingira la Brazil, Ibama, likasimamisha kibali cha kusafirisha nje na kuagiza meli irudi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Basel hilo ndilo lililopaswa kutokea, kwamba taka hatarishi iliyokataliwa hurudi ilikotoka. Hadi hapa kisa kilikuwa kinafuata nyayo za pacha wake hatua kwa hatua.

Tofauti ilijitokeza mwanzoni mwa Oktoba, meli ilipofika karibu na pwani ya Pernambuco. Clemenceau ilirudi Brest, bandari ya jeshi lililokuwa likiimiliki, ikafungwa gatini. São Paulo ilikuwa imeshauzwa, kwa hiyo jeshi lilisema si yake tena. Mnunuzi na kampuni iliyosimamia safari kwa niaba yake walitakiwa kuifikisha kwenye bandari ya Suape, lakini serikali ya jimbo la Pernambuco ilikwenda mahakamani na kupata zuio. Hofu ya Suape haikuwa ya kijinga: meli ya mita 265 isiyo na injini wala mabaharia, yenye mmiliki wa mbali anayelalamikia gharama, ikikwama kwenye lango la bandari inaweza kulifunga kwa miaka. Basi ikabaki nje, tagi ikiivuta polepole, mbele kidogo, kisha nyuma, ikichoma mafuta kila siku ili mradi tu isisukumwe na mkondo kuelekea ufukweni. Wiki zikawa miezi. Maji yalianza kuingia kupitia nyufa za bodi ambayo haikuwa imeguswa na fundi wa maana kwa miaka mingi.

Januari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haiwezi kuendelea na kwamba ingeiacha meli. Tarehe 20 Januari jeshi la majini liliichukua na kuivuta mbali zaidi na pwani, na muda si mrefu likasema njia iliyobaki ni kuizamisha kwa mpango, kabla haijazama yenyewe mahali pabaya.

Je, kulikuwa na njia nyingine?

Waliopinga walikuwa wengi na wazito. Marina Silva, aliyekuwa ameapishwa wiki chache tu kabla ya hapo kuwa waziri wa mazingira katika serikali mpya ya Rais Lula, hakuiafiki hatua hiyo. Waendesha mashtaka wa shirikisho waliiomba mahakama iizuie, wakakataliwa. Mashirika ya kimataifa yanayofuatilia ukataji wa meli, pamoja na Greenpeace, yalisema kuizamisha kungevunja mikataba mitatu: wa Basel kuhusu taka hatarishi, wa London kuhusu utupaji wa taka baharini, na wa Stockholm kuhusu kemikali zisizooza. Ilitajwa hata kampuni ya Saudi Arabia iliyokuwa tayari kulipa reali milioni 30, karibu mara tatu ya bei ya mnada.

Ukianza kuhesabu muda mwishoni mwa Januari, jeshi lina hoja. Meli inayoingiza maji, iliyo mamia ya kilomita kutoka pwani, haivutwi kirahisi kwenda popote, na kuiacha izame kwenye maji ya kina kifupi, karibu na wavuvi na matumbawe, kungekuwa na madhara makubwa kuliko kuizamisha kwenye kina cha mita 5,000. Mahakama ilipima hatari ya siku ile, na kwa kipimo hicho uamuzi wake unaeleweka.

Hoja hiyo inadhoofika ukianza kuhesabu kutoka Oktoba. Kwa zaidi ya miezi mitatu meli ilikuwa inaelea, tagi ilikuwa imeishika, na bodi yake ilikuwa na hali nafuu kuliko iliyokuwa nayo Januari. Gati la jeshi huko Rio, ilikolala kwa miaka kabla ya kuuzwa, lilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba meli iliyokataliwa inamrudia mwenye bendera, hata kama hati ya mauzo ina jina la mwingine. Mnada wa 2021 ulihamisha umiliki kwenye karatasi bila kuhamisha uwezo wa kubeba mzigo, kwa kuwa mnunuzi wa vyuma chakavu anayelipa reali milioni 10.5 hana namna ya kulipia miezi ya tagi, bima na ukarabati wa bodi. Faida yake yote imo kwenye chuma atakachokikata. Mkataba wa mauzo ungeweza kuliona hilo na kuliwekea dhamana. Vilevile uchunguzi wa pili ulioombwa na Waturuki ungeweza kufanywa Rio, meli ikiwa imefungwa gatini, kwa gharama ambayo ni ndogo ukilinganisha na mafuta yaliyochomwa mbele ya Pernambuco.

Ufaransa nayo haina mikono safi. Iliijenga meli, ikaitumia kwa miaka 37, ikaiuza kwa bei isiyotosha hata kulipia usafi wake, kisha mwaka 2006 ikajifunza kupitia Clemenceau kilichokuwa ndani ya meli za aina hiyo. Kumbukumbu za ujenzi zilikuwa mikononi mwake. Mwaka 2022, swali la tani ngapi za asbesto zilibaki lilikuwa swali ambalo Paris ingeweza kulisaidia zaidi kuliko mji mwingine wowote duniani.

Brazil imeshajaza nafasi iliyoachwa. Mwaka 2018 ilinunua kutoka Uingereza meli ya HMS Ocean kwa pauni milioni 84, ikaiita Atlântico. Ilianza kazi mwaka 1998, haina manati wala boila za kurusha ndege, na hubeba helikopta. Skyhawk zilibaki nchi kavu, kwenye kituo cha São Pedro da Aldeia. Ni ununuzi wenye busara zaidi kuliko ule wa 2000. Lakini siku yake ya kuuzwa kama chuma chakavu nayo itafika, na Mkataba wa Hong Kong kuhusu ukataji wa meli, ulioanza kutumika Juni 2025 na unaozitaka meli za biashara ziwe na orodha kamili ya vitu hatarishi zingali kazini, umeziacha manowari nje ya masharti yake. Kwa Atlântico, basi, orodha hiyo itakuwepo endapo tu jeshi lenyewe litaamua kuiandaa, na wakati wa kuiandaa ni sasa, meli ikiwa na mabaharia wanaokijua kila chumba chake.